Mtu wa Pili Kutoka Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa tatu asubuhi, na Mhariri akanipa kazi ya ndani. Chama cha Wenye Viwanda kinatimiza miaka mia. Kinataka kitabu cha picha za zamani za biashara za mji huu, na maonyesho ya picha hizo hizo ukumbini kwao. Mimi niandike maelezo chini ya kila picha. Mhariri amesema ni heshima. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa. Heshima ni neno lake la kazi ambayo wengine wameikimbia.

Picha zimo katika masanduku ishirini na mawili, kwenye stoo ya Chama, nyuma ya choo. Zilitoka kwenye studio iliyofungwa zamani, mwenyewe akafa, watoto wake wakazitupia Chama kama mtu anayetupa godoro. Nilipofungua sanduku la kwanza mende walitoka kabla ya picha. Wamekula gundi, wamekula kingo, na katika picha ya kiwanda cha ngozi wamekula uso wa tajiri wakamwachia kofia. Nimenawa mikono mara tatu. Bado inanuka.

Jumanne, 5 Machi

Picha kumi na moja. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitwa na Mwenyekiti wa Chama. Ndiye mwenye kiwanda cha sabuni, mjukuu wa aliyekianzisha. Ananiita "mzee wangu" ingawa amenizidi miaka minne. Ana mikono laini sana, na kila baada ya kusema jambo huitazama kana kwamba ndiyo iliyosema.

Alikuwa na maagizo. Moto wa kiwanda cha pamba tusiutaje. Mgomo tusiutaje. Watoto walio kwenye picha ya kiwanda cha vifungo tuwaite wanafunzi wa ufundi. Niliuliza walikuwa wakijifunza nini. Akacheka, akanigusa bega.

"Tusiharibu sherehe, mzee wangu."

Picha ya jalada ameichagua mwenyewe: babu yake ameketi kwenye kiti mbele ya kiwanda, wafanyakazi watano wamesimama nyuma yake, na baina ya wa kwanza kutoka kushoto na anayemfuata limesimama pipa. Maelezo yake pia ameshayaandika: Familia Moja. Nilisema pipa lile limesimama pabaya, limepanga foleni na watu. Alisema zamani watu hawakujali mambo ya kupanga.

Jumatatu, 11 Machi

Kiwanda cha vifungo. Watoto kumi na wanne, nimewahesabu mara mbili. Vifungo vilichongwa kwa mifupa ya ng'ombe, na magoti ya watoto yamekuwa meupe kwa unga wa mifupa. Nyuma yao kuna rundo la mifupa lenye kimo cha mlango. Mmoja ameziba pua. Mpiga picha hakumwona, au alimwona akamwacha. Huyo ndiye mtu pekee mwenye akili niliyemkuta kwenye masanduku haya hadi leo.

Nimeandika "watoto waliofanya kazi kiwandani". Katibu wa Chama amekata kwa kalamu nyekundu akaweka "wanafunzi". Nimekata yake. Amekata yangu.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu ameniagiza nivue nguo mlangoni. Anasema nanuka kama sanduku la marehemu.

Alhamisi, 14 Machi

Nje ya ofisi ya Katibu kuna benchi, na kwenye benchi hilo kuna mwanamke mzee. Watu wa ofisini wanamwita Bibi Benchi. Kila mwezi huja mara moja, hukaa hadi saa sita, hupewa jibu lile lile, huondoka. Leo nilikaa karibu naye nikisubiri funguo ya stoo, naye akaniuliza kama mimi ndiye ninayeshika picha.

Ana miaka sabini na mmoja. Amepiga pasi nguo za watu miaka arobaini, mkono wa kulia umekomaa kuliko wa kushoto. Baba yake alikuwa mpishi wa sabuni, yaani mtu wa kusimama juu ya tangi la kostiki, yaani magadi makali yanayounguza ngozi, na mafuta na kukoroga kwa mwiko mrefu. Aliteleza akaangukia tangini tarehe tisa Agosti, mama yake akiwa na mimba ya miezi saba. Kiwanda kilisema hakikuwa na mtu huyo. Kilisema alikuwa mpita njia aliyeingia kuomba maji. Jina lake halimo kwenye daftari lolote, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Lakini mama yake alimwambia kwamba wiki ile ile mpiga picha alikuja kiwandani, na mumewe alirudi jioni akijisifu.

"Sitaki kingine, mwanangu," alisema. "Kesi sina, na wa kumshtaki ameshazikwa zamani. Nataka nimwone. Nijue nimefanana na nani."

Katibu alipotoka aliniambia kwa sauti ya kusikika kwamba nisimsikilize, ataniganda. Nami, niandike ukweli, nilikuwa nusu upande wa Katibu. Nimekutana na watu wengi wa mabenchi. Nilimwambia nitaangalia. Hilo ni jibu ninalowapa wote.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Saluni, duka la baiskeli, mtengeneza majeneza. Mtengeneza majeneza peke yake ndiye anayetabasamu.

Jumatatu, 18 Machi

Paa la stoo limetoboka. Asubuhi nzima nimehamisha masanduku kutoka kona ya maji, na sanduku la kumi na saba lilikuwa zito kuliko yote. Ndani hamna picha za karatasi. Mna vioo, vile vya zamani vya kupigia picha, picha imeganda juu ya kioo kama utando, kila kimoja na bahasha yake yenye namba na maandishi ya wino ya mrekebishaji wa studio, mtu wa kufuta na kupaka picha kwa brashi.

Namba 41 na 41B zilikuwa bahasha mbili zilizofungwa kwa uzi mmoja.

Nilishika 41B dirishani kwanza. Ni ile picha ya jalada: tajiri kwenye kiti, watu watano, pipa, mbwa pembeni. Kisha 41. Kiti kile kile, tajiri yule yule, mbwa yule yule pembeni. Watu sita. Pasipo na pipa amesimama mtu, wa pili kutoka kushoto, amevaa aproni ya kufika magotini, ameshika mwiko mrefu kuliko yeye.

Kwenye bahasha ya 41 imeandikwa: Mtu wa pili kutoka kushoto aondolewe. Pawekwe pipa. Agizo la mwenye kiwanda. Haraka. Chini yake tarehe, kumi na nane Agosti. Siku tisa baada ya mtu yule kufa.

Nimeelewa ilivyofanyika. Walichapisha 41, mrekebishaji akapaka pipa juu ya mtu kwa brashi, wakaipiga picha ile iliyopakwa, ikawa 41B. Kazi safi. Hata kivuli cha pipa kimeangukia upande unaotakiwa. Nilikaa juu ya sanduku muda.

Nimenakili maandishi neno kwa neno. Nimeandika namba, vipimo vya kioo, ufa mdogo kwenye kona ya juu kulia. Kisha nimerudisha kila kitu mahali pake. Miaka thelathini na mbili sijachukua kitu kwenye faili la mtu bila ruhusa, na kesho nitaomba.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwomba Katibu ruhusa ya kupeleka kioo namba 41 kwenye chumba cha giza cha gazeti, kitolewe nakala moja ya karatasi. Aliniuliza cha sanduku gani. Nikamwambia. Alikiandika kwenye kijitabu chake kwa mwandiko mzuri: sanduku 17, namba 41. Aliuliza kina nini. Nikamwambia pia. Alisema hana shida, ila lazima Mwenyekiti aidhinishe, na jibu nitalipata Jumatatu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekwenda kwa yule mama. Chumba kimoja, kitanda, meza ya kupigia pasi ambayo sasa ni meza ya kulia, pasi tatu za mkaa zimepangwa chini ya dirisha kwa ukubwa. Nilipanga kumwambia kwa uangalifu, kwa sababu jambo ambalo halijachapishwa halijawa jambo. Lakini alinisoma usoni kabla sijaketi.

Nikamwambia kioo chenye baba yake kimepatikana. Nikamwambia amesimama wapi na ameshika nini. Nilipofika kwenye sura akaniwekea mkono mdomoni, mkono wenyewe mgumu kama ubao.

"Usinieleze. Nimengoja miaka sabini na mmoja, siwezi kumwona kwa macho ya mwanamume wa gazeti. Nitamwona mwenyewe."

Akacheka, akaniuliza kama nimeoa na kama mke wangu ananilisha. Akasema nimekauka.

Humu sitamwita tena Bibi Benchi.

Jumatatu, 25 Machi

Mwenyekiti amesafiri, anasema Katibu. Wiki hii hii atarudi.

Jumatano, 27 Machi

Mtaro wa kiwanda cha sabuni umefurika. Barabara ya viwandani imejaa povu hadi vifundoni, la rangi ya usaha, na ndani yake vipande vya mafuta vinaelea. Watu wanavuka wamekunja suruali. Mbwa alilamba akatapika hapo hapo, akarudi kulamba.

Alhamisi, 28 Machi

Bado, anasema Katibu. Nivute subira.

Jumamosi, 30 Machi

Yule mama alipita gazetini, akaacha ujumbe kwa bawabu: ameshapata nafasi ya kuitundika picha.

Jumanne, 2 Aprili

Nimefungua stoo kuchukua picha za kiwanda cha misumari. Sanduku la kumi na saba halipo. Mengine manne ya vioo, yaliyokuwa kando yake, hayapo pia. Sakafuni pamebaki miraba mitano mikavu.

Katibu alikuwa anakunywa chai. Alisema yamepelekwa kwa fundi fremu. Niliuliza fundi fremu anafanya nini na vioo vya picha. Alinitazama kama anayemweleza mtoto. Maonyesho yana picha mia na ishirini, picha mia na ishirini zinahitaji fremu, fremu zinahitaji vioo, na vioo tulikuwa navyo stoo, tena vizuri, vinahitaji kuoshwa tu.

Nilikwenda kwa miguu, kwenye mvua, kwa sababu sikutaka kusimama mahali popote.

Fundi fremu ni mtu mpole mwenye penseli sikioni. Karakana yake inanuka gundi na mbao mbichi. Nyuma, chini ya mabati, kulikuwa na pipa la maji ya moto, na chini ya pipa moto, na moto ulikuwa unalishwa bahasha. Nilimsimamisha. Zilizobaki zilikuwa saba, hazikuwa zile za 41 na 41B.

Alinionyesha kazi yake kwa fahari. Unatia kostiki soda kwenye maji ya moto, anasema, unazamisha kioo, unahesabu hadi mia, na uchafu wote unajivua wenyewe. Kostiki wamepewa bure na kiwanda cha sabuni. Akachovya kijiti akainua. Juu ya kijiti ulining'inia utando mweusi, laini, kama ngozi ya mtu aliyeungua, na kabla haujakatika na kurudi majini niliona kola ya shati na vifungo vyake. Pipa zima limejaa hizo. Zinaelea, zinajikunja, zinashikana. Nilitoka nje nikatapika karibu na mbao zake, nikamwomba radhi.

"Ni harufu, bwana," alisema. "Mimi nimeshazoea. Lakini vioo vya namna hii hupati tena. Tazama, havina mawimbi."

Nilimwuliza kama hakuona kuwa ni picha. Alisema aliona, lakini aliambiwa zimeshachapishwa zote na hizi ni takataka. Sijaona sababu ya kutomwamini. Nilimwuliza sanduku la kumi na saba liliingia pipani lini. Akafungua daftari la kazi.

"La kwanza kabisa. Katibu alilileta mwenyewe, kwa mkono, mvua inamnyeshea. Akangoja mpaka likaisha. Mengine yamekuja juzi na mkokoteni."

Tarehe kwenye daftari lake ni Jumatano, 20 Machi. Niliomba Jumanne, 19. Siandiki kwamba ilikusudiwa. Naandika tarehe.

Alhamisi, 4 Aprili

Mwenyekiti hakuwa amesafiri popote. Gari lake nimeliona kwenye picha yetu wenyewe ya ukurasa wa tatu, tarehe 26, kwenye uzinduzi wa kisima.

Alinipokea kwa kahawa. Alisema ni bahati mbaya sana, na kwamba yeye binafsi anapenda historia. Niliuliza alijua lini kwamba kwenye kioo kile kuna mtu. Aliuliza mtu gani. Nilimtajia mtu gani, nikamsomea maandishi ya bahasha. Alisikiliza huku akiitazama mikono yake. Kisha akauliza karatasi ile iko wapi. Nikasema imechomwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni nzuri kabisa, ungemkopesha.

"Basi tusiharibu sherehe kwa kitu ambacho hakipo."

Nilipokuwa mlangoni aliniita. Alisema anamfahamu yule bibi, wanamwonea huruma. Aliniambia nipitie stoo ya kiwanda nimchukulie katoni ya sabuni, salamu kutoka kwao.

Nimeandika mambo ya mauaji, mafuriko na wezi wa dawa za hospitali. Sikumbuki kama mtu aliwahi kunipa kichefuchefu kwa sauti ya upole namna ile.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilimpelekea Mhariri kurasa nne. Alisoma zote, jambo asilolifanya sana. Akaniuliza kioo kiko wapi, bahasha iko wapi, nani mwingine aliiona. Nikamjibu hakipo, haipo, hakuna. Alinirudishia karatasi.

"Ungeletewa wewe habari hii na kijana wa mwaka wa kwanza, ungemwambia nini?"

Ningemwambia aende akanywe maji. Hilo ndilo linalonichukiza: kwamba yuko sahihi. Ningekitia kioo kile mkobani, ningekuwa mwizi kwa siku moja na mama yule angekuwa na baba. Nililinda jina langu. Nililinda kanuni yangu ya miaka thelathini na mbili, kwa faida ya watu wasiokuwa na kanuni hata moja.

Jumamosi, 6 Aprili

Sijaenda kwake.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Sijaenda.

Jumatano, 10 Aprili

Mke wangu ameniuliza yule mama alisemaje. Nikasema nina kazi nyingi. Aliniangalia, akaendelea kukunja nguo. "Kwa hiyo anangoja," alisema.

Ijumaa, 12 Aprili

Ufunguzi wa maonyesho. Suti zilizonyeshewa zinanuka mbwa. Nilikuwa nimewasilisha maelezo ya picha ya jalada: "Watu watano na pipa lililopakwa rangi mahali pa mtu wa sita." Ukutani pameandikwa Familia Moja. Picha ya vifungo ina wanafunzi. Kwenye ukurasa wa shukrani wa kitabu jina langu limechapishwa kubwa, baada ya la fundi fremu.

Watu walisimama mbele ya picha wakisifu. Mwanamke mmoja aliyevaa glavu alimwambia mumewe kwamba vioo ni safi mno, utadhani hakuna kitu. Katibu alikuwa anapitisha soda. Hakunikwepa. Aliniuliza kama nataka ya baridi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda.

Msumari ulikuwa ukutani tayari, juu ya kitanda. Nilimweleza yote kwa mpangilio: tarehe niliyoona, tarehe niliyoomba, tarehe kioo kilipooshwa, na kwa nini sikukichukua. Sikumpunguzia. Alisikiliza ameketi kitandani, mikono magotini.

Kisha akasema, "Sasa nieleze."

Nikafungua daftari. Humo mna maandishi ya bahasha neno kwa neno, mna vipimo vya kioo, mna ufa wa kona ya juu kulia. Kuhusu baba yake mna mstari mmoja: aproni hadi magotini, mwiko. Niliusoma.

Aliuliza macho. Aliuliza mdomo. Nikamwambia ukweli, kwamba kwenye kioo sura huwa kinyume, cheusi huwa cheupe, na kuisoma kunahitaji utulivu, nami sura ile niliitazama chini ya dakika moja kwa sababu nilikuwa na hamu na maandishi. Nimewahi kukaa mbele ya watu wengi niliowaletea habari mbaya, lakini hao habari hazikuwa zangu. Ningeweza kumpa sura yoyote, ya mtu mzuri, ya mtu mwenye huruma, na asingekuwa na njia ya kujua. Alinitazama akijua hivyo. Akaniachia nafasi ya kusema uongo, na sikuusema.

"Alisimamaje?" aliuliza.

Hilo nililijua. Nikamwambia uzito wote uko mguu wa kulia, wa kushoto umelegea. Bega la kushoto limeshuka. Mikono yote miwili juu ya mwiko, mmoja juu ya mwenzake. Kidevu kimeinuka kidogo, kama aliyeambiwa akiinue.

"Nionyeshe."

Akanipa ufagio wa mti mrefu. Nikasimama katikati ya chumba, msumari ukiwa nyuma yangu, mtu wa miaka hamsini na saba na viatu vinavyochuruzika maji. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaketi mbele yangu. Alinisahihisha bega, kwa kuwa nililiinua bila kujua. Akaniambia mimi ni mfupi, ila si neno.

Alitazama muda mrefu.

"Mama alikuwa akinigombeza," alisema, "kwa kuegemea mguu mmoja mbele ya meza ya pasi. Kila siku. Simama vizuri, simama vizuri. Halafu anatoka nje. Hakuwahi kuniambia msimamo ule nimeutoa wapi."

Nikashusha ufagio.

"Bado," alisema.